Mkono wa Nyoosha

Kazini tulimwita Nyoosha, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Mashuka ya hospitali hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili za huku, mwenzake pembe mbili za kule, mnavuta, mnalipiga shuka hewani mara moja, halafu mnasogeleana. Kila nilipolegeza upande wangu aliniambia, "Nyoosha." Hakupandisha sauti. Alimwambia hivyo msimamizi wetu, aliwaambia hivyo wanafunzi wa uuguzi, na siku moja alimwambia hivyo mgeni wa heshima aliyekuja kuzindua mashine mpya ya kukamulia nguo, akaombwa ashike shuka ili apigwe picha. Mgeni akanyoosha.

Nilifanya naye kazi kwa dobi miaka kumi na minne. Chumba chetu kipo nyuma ya jiko la hospitali, na mvuke wa huku na moshi wa kule ukikutana, mtu wa kupita hajui kama tunapika au tunafua. Kila Jumatatu asubuhi Nyoosha alisukuma toroli la taulo safi hadi chumba cha mazoezi ya viungo, mwisho wa korido ya wadi ya upasuaji. Humo alikuwamo fizio, mtaalamu wa mazoezi hayo, mwanamume wa makamo mwenye viganja kama sahani, na wawili hao waligombana kila wiki kwa sababu ya madoa.

"Haya mafuta ya nini?" Nyoosha aliuliza. "Humu ndani unakanda watu au unawakaanga?"

"Lete taulo, dada, maneno utaniletea wiki ijayo," fizio alijibu.

Ndivyo walivyojuana, kwa taulo na madoa tu.

Uvimbe aliugusa akiwa anaoga. Alikwenda kliniki, akaambiwa ni mambo ya umri, arudi baada ya miezi mitatu. Alirudi. Mashine ya kupiga picha ilikuwa imeharibika. Alirudi tena. Ilipotengemaa, uvimbe ulikuwa umeshakua, ukawa kitu cha kuonekana hata kwa macho. Wakamkata titi lote la kulia pamoja na tezi za kwapani.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alisimama kando ya kitanda chake huku akisoma faili la kitanda cha pili. "Mkono huu usiutumie," alisema. "Usinyanyue kitu, usiuinue juu." Basi. Hakusema kwa siku ngapi, na Nyoosha hakuuliza. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Hata sabuni mpya ikiletwa, alisoma karatasi yake mpaka mwisho kabla ya kufungua boksi. Akaufunga mkono kwa kitambaa shingoni, akatoka kwa korido ile ile ya Jumatatu zake. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi. Fizio alikuwa ndani, anamtembeza mzee mmoja kwenye vyuma vya kushikilia. Nyoosha alimpungia kwa mkono wa kushoto, akapita. Ilihitajika karatasi moja tu ya kumwelekeza aingie mle, na hakuna aliyeiandika.

Dada yake mkubwa alihamia nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Huyu alikuwa mpishi wa shule ya bweni hadi alipostaafu, mwanamke aliyezoea kulisha watu mia nne kwa mpigo na asiyejua kusema kwa kunong'ona. Alimpenda mdogo wake, na upendo wake ulikuwa wa neno moja: kaa. Nyoosha akitaka kufagia, kaa. Akitaka kuchana nywele, kaa, nitakuchana mimi. Akitaka kunywa maji, dada alishakwisha kumshikia kikombe mdomoni.

Aliporudi kazini nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilimnyang'anya mashuka, nikamwachia kuhesabu foronya na kusukuma toroli kwa mkono mmoja. Nilijiona mtu mwema.

Baada ya miezi kadhaa alitaka kuutoa mkono kwenye kitambaa, ukakataa. Bega lilikuwa limekaza kama bawaba yenye kutu. Halafu mkono ukaanza kujaa, kwanza vidole, kisha kiganja, kisha wote hadi kwapani. Ukiubonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Alipouliza kliniki wakamwambia ndivyo inavyokuwa kwa waliokatwa, avumilie. Pete ya ndoa ilimzamia kwenye nyama. Mumewe, fundi redio, mtu mpole asiyependa maneno, aliikata yeye mwenyewe kwa msumeno wake mdogo wa kazi. Alichukua saa nzima ili asimchubue. Alipomaliza aliviweka vipande viwili kwenye kopo la skrubu, na jioni ile akahamishia mto wake sebuleni ili asimlalie mkono kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo akawa analala huko.

"Mkono huu una nguvu," Nyoosha aliniambia. "Umemfukuza mwanamume mpaka sebuleni bila kuinuka."

Hatimaye hata toroli lilimshinda, akapewa likizo ya ugonjwa.

Zilipopita miaka miwili tangu upasuaji, mgongo ulianza kumuuma, maumivu ya kumfanya mtu aume mto. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Daktari akasema hakuna la kufanya tena, mpelekeni nyumbani. Dada yake aliuliza, "Sasa nyumbani tufanye nini?" Daktari akasema, "Mumtunze."

Wakamtunza kwa jinsi walivyojua, maana yake wakamlaza. Alilala miezi mitano. Alikula akiwa amelala, aliogeshwa amelala, haja alijisaidia kwenye beseni huku dada yake amemshikilia kiuno. Nilipokwenda kumtazama aligeuza uso ukutani. Mtu aliyekuwa akinyoosha mashuka ya hospitali nzima, shuka lake mwenyewe lilikuwa limejikusanya chini yake kama kamba.

Aliyebadilisha mambo ni muuguzi mmoja wa huduma ile ya kuwafuata nyumbani wagonjwa wasiopona, ambayo hospitalini huiita tiba shufaa. Alikuja na dawa ya maji ya maumivu, akawaelekeza kiasi na saa zake, na baada ya siku mbili Nyoosha akalala usingizi wa kweli. Aliporudi aliutazama mkono.

"Nani anauhudumia huu?"

"Mimi namfuta," dada alijibu.

"Nauliza kama fizio ameuona."

"Fizio wa nini?" dada akauliza. Muuguzi akatoa karatasi, akaiegemeza ukutani, akaandika. Haikuchukua hata dakika moja. Dada aliniambia baadaye kwamba dakika ile ndiyo iliyomuudhi kuliko mengine yote.

Alhamisi iliyofuata fizio akabisha hodi na mkoba begani. Siku hiyo nilikuwapo, nimeleta matunda. Aliingia, akasimama katikati ya chumba.

"Wewe si wa taulo?" alisema.

"Ndiye mimi," Nyoosha akajibu. "Na wewe si wa mafuta?"

Fizio akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akauchukua ule mkono, akaulaza kwenye mapaja yake. Aliupima kwa utepe sehemu tano. Alijaribu bega, likagoma, akaacha.

"Ulifanyiwa lini upasuaji?"

"Miaka miwili na miezi sita."

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja kwangu na toroli ukiwa tayari umefanyiwa."

"Kila Jumatatu, hadi liliponishinda."

"Ulisukuma kwa mkono mmoja," fizio alisema polepole. "Nilikuona. Nilidhani umeteguka."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Mimi niliyatazama matunda yangu. Nilikuwa nimemwona pia, tena nilikuwa namfungulia mlango.

Kisha Nyoosha akataka kuambiwa ukweli, na fizio akamwambia. Mkono ulipaswa kuanza kuchezeshwa taratibu tangu siku za mwanzo baada ya kukatwa. Kuuficha kwenye kitambaa ndiko kulikokaza bega. Tezi zikishatolewa maji hukosa njia, na kuna namna ya kuyapunguza, kwa kukanda kwa wepesi na kufunga bendeji, na mapema ingekuwa kazi rahisi.

Dada mtu akasimama. "Unamwambia haya leo ili iweje? Ili afe na uchungu?"

"Nimemwambia kwa sababu ameniuliza, mama."

"Nitapona?" Nyoosha akauliza.

"Hapana. Ugonjwa wenyewe siuwezi. Mkono naweza kuupunguza uzito. Na siku zilizobaki, tunaweza kuzifanya zisiwe za kulala tu." Akaukunja utepe wake. "Wewe unataka nini?"

Kwa miaka miwili na zaidi Nyoosha alikuwa ameambiwa aje lini, anywe nini, avue nguo, avae nguo. Swali hili lilikuwa geni kwake.

"Nataka kwenda chooni mwenyewe," alisema. "Nifunge mlango."

Kazi ikaanza, na haikuwa ya kupendeza. Fizio alimfundisha kwanza kugeuka mwili mzima kwa pamoja kama gogo, ili mgongo usijisokote, maana mifupa ilikuwa dhaifu. Akamfundisha kupumua kwa tumbo kabla ya kila hatua, na kunywa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi. Siku za kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda kwa dakika mbili tu, akatapika. Dada alitoka nje, akarudi, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mnamtesa mtu anayeondoka," alisema.

"Dada," Nyoosha akasema, jasho linamtiririka, "mimi bado sijaondoka. Ila siku nikitaka kwenda chooni wewe utakuwa umeziba mlango. Sogea."

Mkono nao ulikandwa kuelekea begani, kwa wepesi kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo, kisha ukafungwa bendeji kuanzia vidoleni. Kazi hiyo ilihitajika kila siku, na fizio alikuja mara mbili kwa wiki. Akatafuta wa kumfundisha. Dada alikuwa na viganja vya kukandia unga wa shule nzima, akakataliwa kwa heshima. Fizio akamwita mume.

"Wewe unashika nyaya nyembamba kuliko nywele," alimwambia. "Njoo."

Mwanamume akaja. Mara ya kwanza bendeji ilimponyoka, ikabiringika hadi chini ya kabati. Wiki ya pili alikuwa anafanya peke yake kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, kimya, ulimi umejitokeza kidogo kama anapotengeneza redio. Wiki ya nne nilipokwenda niliona mto wake umerudi chumbani.

Bendeji zilikuwa seti mbili, na hapo Nyoosha akawa bosi tena. Zilifuliwa zikipishana, naye kitandani akitoa amri: maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, usikamue, zikaukie kivulini zikiwa zimelazwa, ukizianika juani zitakufa mpira. Dada aliyezoea kuamrisha jiko zima alifua kwa maelekezo, akinung'unika.

"Hii umeikamua," Nyoosha alimwambia siku moja, akiipapasa.

"Kidogo tu."

"Rudia."

Mkono ukapungua. Haukurudi wa zamani, lakini ngozi ililegea, vidole vikaanza kufumba, akaweza kushika kikombe. Bega lilimruhusu kuuinua hadi usawa wa kidevu, likaishia hapo. Alijichana nywele za mbele, za nyuma akamwachia dada.

Wiki ya saba alikwenda chooni. Kutoka kitandani hadi mlango wa choo ni hatua kumi na tisa. Alizihesabu kwa sauti, akishikilia fremu ya kutembelea, fizio nyuma yake bila kumgusa. Akaingia. Tukasikia komeo.

Tulikaa tukiutazama mlango ule, watu wazima watatu. Dakika zikapita.

"Umemaliza?" dada akauliza.

"Hata sijaanza. Niacheni."

Mimi nikacheka. Fizio akacheka. Dada alikaa chini pale pale koridoni, akaficha uso kwenye magoti, na mabega yake yakawa yanatikisika, na hakuwa anacheka. "Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano nimemshikia beseni, na alikuwa anaweza."

Fizio hakumwambia kwamba si kosa lake. Alimwambia, "Hukuambiwa."

Ilikuwa wiki ya kumi na moja ilipokuja barua. Uongozi wa hospitali ulikuwa umepanga upya huduma zake, na mazoezi ya viungo ya nyumbani yangetolewa kwa wagonjwa wanaotarajiwa kupona tu. Fizio aliileta mwenyewe na kuisoma akiwa amesimama. Jumamosi mbili alikuja kwa wakati wake mwenyewe. Jumamosi ya tatu hakuja. Alikuwa ameulizwa kwa nini bendeji za hospitali ziko kwenye mkono wa mtu asiye kwenye orodha.

"Nipelekeni," Nyoosha alisema.

Alikwenda siku ya kazi, kwa pikapu ya jirani, amefungwa mto mgongoni. Mimi niliwasubiri getini na kiti cha magurudumu nilichokiazima wadini, nikiwa na sare yangu ya dobi, maana katika hospitali mtu wa dobi hakuna anayemwona. Tulipita hadi ofisi ya daktari mkuu bila kuulizwa. Katibu wake aliinuka, lakini dada alimwambia, "Kaa," na yule katibu akakaa.

Daktari mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akatusalimu, akauliza shida. Nyoosha akajisogeza hadi mezani. Alifungua bendeji taratibu, kuanzia juu hadi vidoleni, akaziviringisha vizuri. Akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza mezani juu ya mafaili.

"Nimewafulia miaka ishirini na miwili," alisema. "Shuka la mgonjwa likitoka kwangu na doa, mliniita na kuniuliza. Sasa na mimi nauliza. Huu ni kazi ya nani?"

Daktari mkuu aliutazama. Simu yake ililia, hakuipokea.

"Mama, ninakuhurumia sana," alisema. "Lakini wataalamu ni wachache. Lazima tuwapeleke panapoleta matokeo."

"Matokeo yangu ni choo," Nyoosha akasema. "Ninakwenda mwenyewe. Hilo mmeliandika wapi?"

"Nitalifuatilia."

"Lini?"

"Nitalifuatilia, mama."

Akaandika kitu kwenye karatasi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti na niliona alichoandika: jina la fizio, na mstari chini yake. Nyoosha naye aliliona. Koridoni aliniomba nisimame. "Nimemponza," alisema.

Alikuwa amemponza kweli. Wiki hiyo hiyo fizio alipewa barua ya onyo, na kabla ya mwezi kwisha akahamishiwa kituo kingine, mbali. Alipita kuaga. Aliwaachia bendeji moja aliyoinunua mwenyewe na karatasi aliyoichora picha za mazoezi, watu wenye vichwa vya duara na miguu ya mistari. Nyoosha alimwomba radhi.

"Usiniombe radhi," fizio alimwambia. "Mimi nilikuona na toroli, nikanyamaza."

Mume aliendelea kukanda kila asubuhi, lakini bendeji zilichoka, zikalegea, na mkono ukaanza kujaa tena kidogo kidogo. Dada alikwenda kliniki kuomba nyingine mara tatu. Mara ya tatu waliacha hata kumwambia arudi kesho. Muuguzi wa tiba shufaa hakuacha kuleta dawa, na kwa hilo Mungu ambariki, maana maumivu hayakumrudia kama zamani.

Chooni alikwenda mwenyewe hadi siku tisa kabla ya kufa. Hatua zilikuwa kumi na tisa zile zile, ila mwishoni alipumzika katika ya tano, ya kumi na ya kumi na tano, na dada alimwekea kiti kila kituo bila kuambiwa. Hakumshika. Alijifunza kutomshika, na nadhani ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Siku hizo tisa beseni lilirudi, na Nyoosha akageuza uso ukutani kama zamani. Alikufa asubuhi, mumewe amemshika mkono, bendeji haijafika kiwikoni.

Nafasi yake kwa dobi alipewa msichana mzuri, mchapakazi. Nakunja naye. Taulo za chumba cha mazoezi zimepungua, maana fizio mpya anakuja Jumanne tu; siku nyingine mlango una kufuli.

Dada hakurudi kwao. Kila Ijumaa, siku ambayo wadi ya upasuaji huruhusu wagonjwa, yeye husimama karibu na geti la hospitali. Akimwona mwanamke anatoka na mkono shingoni, anamfuata. Wapo wanaomkwepa, wakidhani ni ombaomba au mhubiri. Mlinzi ameshamfukuza mara nyingi hata amechoka.

Ijumaa iliyopita nilimkuta amempata mmoja, mama mwenye umri kama wa Nyoosha. Yule mama alikuwa amekwenda hadi chumba cha mazoezi, akakuta kufuli. Akaambiwa arudi Jumanne, na kwao ni mbali. Dada akamsogeza kwenye ukuta wa hospitali, akamwambia afungue kitambaa. Akaweka kiganja chake ukutani, akavitembeza vidole juu polepole kama buibui, akavishusha. "Hivi," alisema. "Ukiuma, simama. Usijikaze. Kesho tena." Yule mama akaweka vidole vyake ukutani, akaogopa, akaviinua kidogo.

Mlinzi akaja. "Mama, nimekwambia mara ngapi? Hapa si mahali pa mazoezi."

"Sawa, mwanangu," dada akasema bila kugeuka. "Nionyeshe mahali penyewe."

Mlinzi alitazama upande wa korido yenye ule mlango wa kufuli, akarudi getini kwake.